Nyuzi Nyekundu za Mtunza Bohari

Alinawa mikono kabla ya kugusa dawa na baada ya kumsalimia mtu. Nilichukua muda mrefu kutambua kwamba hayo yalikuwa mambo mawili tofauti. La kwanza lilikuwa kanuni ya kazi, nami niliiandika katika daftari langu siku ya kwanza kabisa. La pili sikuliandika popote, kwa sababu alilifanya kwa upole, akiwa amegeuza mgongo, huku akiendelea kuuliza habari za nyumbani kwako. Aliyeondoka baada ya kupewa mkono wake hakujua kwamba nyuma yake bomba lilikuwa tayari limefunguliwa.

Nilimheshimu kwa miaka mitano. Naona ni lazima niseme hivyo mapema, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanatoka kwenye kichefuchefu, na msomaji anaweza kudhani nilimwona alivyo tangu mwanzo. Sikumwona. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya afya ya jamii, nimekuja Uvira, mji wa ziwani mpakani na Burundi, kuandika tasnifu juu ya shirika moja lisilo la faida, ambalo kazi yake, kwa maneno yaliyopakwa rangi kwenye ukuta wake wa mbele, ilikuwa kumfikishia dawa kila mtu bila kumwacha yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza bohari wa shirika hilo. Mjini walimwita Papa Depo, na waliomjua jina lake halisi walikuwa wachache kiasi kwamba kulitaja hapa kungekuwa kama kumleta mtu mwingine.

Mimi aliniita Mama Memwari. Kwetu tasnifu huitwa memwari, nami nilikuwa na tabia ya kuuliza jambo lile lile siku tatu mfululizo.

"Mama Memwari, unauliza tena?" alikuwa akisema, bila kuinua macho kwenye kadi zake. "Jana nilikuambia. Ao unapima kama jibu yangu imebadilika?"

Nilicheka. Kwa kweli nilikuwa napima.

Bohari yenyewe ilikuwa kando ya barabara ya kwenda bandari ya Kalundu, na upepo ulipotoka ziwani, ndagala waliokuwa wakianikwa upande wa pili wa ukuta waliingia nasi ofisini. Aliichukia harufu hiyo kama mtu anavyochukia tusi. Alitundika madirishani vitambaa vilivyolowekwa maji ya mchaichai, akavibadilisha asubuhi na adhuhuri. Hakuna katoni iliyogusa sakafu, wala iliyokaribia ukuta kuliko upana wa kiganja chake, na kiganja hicho alikitumia kupima mbele ya wageni wote, hata wale waliokuja na rula zao. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, zililiwa nje, juani au mvuani. "Panya hasomaka kibao," alisema, akimaanisha kile kibao cha shirika kilichokataza chakula ndani. Basi yeye mwenyewe alisimama mlangoni badala ya kibao.

Lango la bohari lilikuwa na ngazi mbili za saruji. Walemavu wa miguu wanaovusha bidhaa mpakani Kavimvira kwa baiskeli zao za magurudumu matatu hawakuweza kuzipanda walipokuja kuchukua dawa zao. Walikaa barabarani, kati ya waendesha pikipiki na wauza maandazi, wakaitwa kwa sauti ugonjwa wao ukiwa umetangulia jina. Jumamosi moja alikuja na nyundo, akazivunja ngazi zote mbili, akamwaga mteremko wa saruji kwa mikono yake. Jumatatu mkurugenzi akamuuliza kibali kiko wapi.

"Kibali iko chini ya simenti," alijibu.

Hayo yalitokea kabla ya wafadhili kuanza kudai ujumuishi katika kila karatasi. Nalisisitiza hili kwa sababu ningependa kusema kwamba wema wake ulikuwa wa maonyesho, na siwezi. Siku ya Idi alikula kwa wafanyabiashara Waislamu wa mjini, wale ambao babu zao walifika na biashara ya ziwa. Siku ya Krismasi alikula kwa Wakatoliki, na Jumapili iliyofuata kwa Waprotestanti. Kote alirudia msemo wake mmoja: "Dawa haina kabila." Nilimwona akimfukuza mpakiaji aliyemcheka mwanamke kwa lafudhi yake ya Kirundi. Hakupandisha sauti. Alimwonyesha mlango, akaenda kumfungulia yule mwanamke kopo la dawa yake.

Lakini jambo lililonifanya nimwandike, na ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona mate yakinijaa mdomoni, ni nyuzi.

Dawa nyingi zilifika katika makopo makubwa ya vidonge elfu moja. Kazi ya wafungaji ilikuwa kuvihesabu na kuvitia katika vipakiti vidogo vya plastiki, tayari kwa vituo vya afya. Zaina aliomba kazi hiyo. Alikuwa kiziwi tangu utotoni na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mkurugenzi alisema haiwezekani, kwa kuwa mfungaji lazima aandike jina la dawa, kipimo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Papa Depo akamwomba wiki mbili. Jina na kipimo akavitengenezea mihuri yenye picha: jua, mwezi, mama mjamzito, mtoto. Tarehe akaigeuza kuwa uzi. Pakiti ya dawa yenye uhai wa zaidi ya mwaka ilifungwa uzi wa kijani. Yenye uhai wa chini ya mwaka, uzi wa njano. Yenye chini ya miezi mitatu, uzi mwekundu. Hiyo ilipaswa kutoka kwanza na kutumiwa kwanza. Tarehe yenyewe ilibaki kwenye kopo, bohari, na kwenye pembe ya pakiti yeye mwenyewe aliandika namba ya kopo tu.

"Uzi hauulizaka mutu diploma," alisema.

Baada ya muda mfupi wanawake wengine saba waliokataliwa kazi kila mahali mjini walikuwa wakifunga dawa kwenye meza ile. Aliongea na Zaina kwa vidole. Kwa kijani alilaza shavu kwenye kiganja, kama mtu alalaye. Kwa njano alifungua macho. Kwa nyekundu alipuliza kiganja, kama anayepeperusha unyoya, na Zaina alicheka kila mara, kicheko kisicho na sauti kilichomtikisa mabega. Nilisimama mlangoni nikaona kwamba hapa, katika mji huu wa ofisi na mihuri, mtu mmoja amelielewa neno ujumuishi bila kulitamka. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ni ya nyuzi. Walionitahini waliisifu kuliko nyingine zote. Shirika likaniajiri. Wageni wakaja kupiga picha za mikono ya Zaina.

Sasa niseme alivyokuwa akinunua dawa zake mwenyewe. Alikuwa na shinikizo la damu, na hakuwahi kuchukua hata kidonge kimoja bohari. Hilo nalo nililihesabu kuwa uaminifu. Alivuka mpaka hadi Bujumbura, kwenye duka la dawa alilolizoea. Siku moja nilifuatana naye. Alipopewa boksi, aliliinua kwenye mwanga, akasoma tarehe, akalirudisha mezani kwa ncha ya kidole.

"Ile ya nyuma, mwanangu," alimwambia muuzaji. "Ya mbele muibakishie wenye haraka."

Niliwaza: huyu kweli ni mtaalamu.

Na niseme pia siku ya msaada. Lori lilileta shehena ya dawa za malaria, zawadi kutoka mbali, na kila katoni ilikuwa na wiki chache tu za uhai. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Aliizunguka shehena, mikono nyuma, kama mtu anayezunguka mzoga.

"Banatutupia takataka yao!" alisema. "Kwao ikikaribia kuoza, banakumbuka kama Uvira kuko bagonjwa. Siye njo jalala ya dunia?"

"Papa, mfadhili hakataliwi," alisema mkurugenzi, kwa sauti ya chini.

"Basi anatutapikia mu sahani, na siye tunasema asante."

Kisha akaingia ndani, akamtazama Zaina, akapuliza kiganja. Nyekundu.

Jumatatu iliyofuata niliona orodha ya usambazaji. Shehena yote ilikuwa imepangiwa vituo vya kilimani, vile vilivyo juu ya Lemera. Nikamuuliza kwa nini kilimani. Alinijibu bila kuficha chochote, na uwazi huo ndio unaonitesa, kwa maana hakunidanganya. Alinipa kitu chenyewe mkononi, mimi nikakisifu.

"Hapa mujini, dawa ya tarehe fupi inaleta maneno. Kule kwa bakimbizi, mu bonde, kuko bageni benye kamera. Kilimani nani anapandaka? Tarehe murefu ni ya mwenye mudomo murefu, Mama Memwari."

Nilicheka tena. Niliuandika msemo ule pembeni mwa daftari, nikachora nyota kando yake. Katika tasnifu nikaweka jedwali linaloonyesha kwamba hakuna dawa iliyomaliza muda wake ndani ya bohari. Jedwali lilikuwa sahihi. Dawa hazikufia bohari. Zilikwenda kwa lori mpaka Lubarika, zikapanda kwa pikipiki mpaka Lemera, kisha zikabebwa kichwani kwenye vijia vya mlima. Na mvua ikikata njia, au bunduki zikiifunga barabara, zilingoja wiki baada ya wiki katika stoo ya kanisa bondeni. Mtu mwenye akili ya darasa la nne angeweza kutoa siku za safari katika siku za uhai. Mimi nilikuwa naandikia shahada ya pili na sikuitoa hesabu hiyo.

Nilipanda kilimani mara ya kwanza nikiwa tayari mwajiriwa. Nilitumwa kupiga picha za nyuzi "mikononi mwa walengwa", kwa ajili ya kijitabu cha shirika. Kutoka Lemera nilitembea saa nne. Muuguzi wa kituo kile aliitwa Riziki, mama wa watoto watatu, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Alinipa maji, akanipa ndizi, akanipeleka kwenye kabati la mbao lenye kufuli. Ndani yake pakiti zilikuwa zimepangwa kwa ustadi ambao hata Papa Depo angeukubali. Zote zilikuwa na uzi mwekundu.

"Hizi njo tunazichungaka sana, dada," alisema. "Za njano tunapatia benye banatembea. Lakini mugonjwa akikuja amebebwa na kipoyi, hapo njo tunafungua nyekundu."

Kipoyi ni machela ya miti. Wagonjwa wa milimani hubebwa juu yake na wanaume wanne.

"Nani alikuambia kwamba nyekundu ni za wagonjwa mahututi?" niliuliza.

"Hakuna mutu alisema. Lakini kila kitu ya hatari, si banapakaka nyekundu? Na tena ziko mingi kuliko za njano. Tukasema, Papa Depo anatupenda. Anajua huku kuko mbali, anatutumia za nguvu."

Kwanza nilipiga picha. Naliandika hili kwa makusudi, kwa sababu mpangilio wa matendo ni ushahidi: kwanza nilipiga picha, nikamwomba asogee kwenye mwanga, nikamwambia atabasamu. Ndipo nikaona namba za makopo zilizoandikwa kwa wino kwenye pembe za pakiti, nikafungua simu yangu yenye orodha za bohari, nikaanza kulinganisha. Pakiti iliyokuwa changa kuliko zote ilikuwa imepitwa na tarehe miezi kadhaa. Nyingine zilikuwa na zaidi ya mwaka. Uzi uliokusudiwa kusema "nitumie leo" ulikuwa umesomwa "nitunze mpaka siku ya hatari", na hivyo dawa mbovu kuliko zote zilikuwa zikiwasubiri wagonjwa waliozidiwa kuliko wote.

Nilimuuliza ni nani wa mwisho aliyefunguliwa nyekundu. Mke wa mkulima mmoja, alisema. Malaria ilimpanda kichwani. Alikufa siku ya pili.

Sijui, na hakuna ajuaye, kama ni tarehe iliyomuua. Kidonge hakifi usiku ule tarehe yake inapokwisha, nimesoma, najua. Nimeuzungusha ukweli huo kichwani mara nyingi kupita kiasi, na kila unapozunguka unakuwa mchafu zaidi, kama maji ya kuoshea sakafu. Mume wa marehemu hakuwa na haja nao.

Niliporudi nilimweleza mkurugenzi. Alinishukuru, akafunga mlango, akanishukuru tena. Wakati huo Papa Depo alikuwa amekwisha kustaafu, kwa sherehe na keki. Shirika lilituma wanaume wawili na magunia. Wakalimaliza kabati mchana kweupe, wagonjwa wakiwa kwenye foleni, bila kumweleza mtu neno. Watu wakaeleza wenyewe: muuguzi alikuwa ameficha dawa. Wengine wakaenda mbali zaidi: alikuwa akiziuza zilizo nzuri. Komite ya afya ya kijiji ikamnyang'anya Riziki ufunguo. Shirika nalo likaunda tume, na tume ikaandika kurasa mbili. Sentensi yenye uzito ndani yake ilikuwa moja: muuguzi alifundishwa maana ya nyuzi, kama ilivyothibitishwa na utafiti, naye akapuuza.

Utafiti huo ulikuwa wangu. Nilifungua tasnifu yangu na kuikuta sentensi yenyewe katika sura ya tatu: "Wauguzi wa vituo vyote wamefundishwa maana ya kila rangi." Sikuwahi kumuuliza muuguzi hata mmoja. Nilimuuliza Papa Depo, akasema, "Balifundishwa bote," nami nikaandika. Lilikuwa jambo pekee nililoliuliza mara moja tu.

Riziki alinipigia simu kutoka mlimani, mahali ambapo mtandao hushika ukisimama juu ya jiwe fulani.

"Dada, komite inakaa siku ya ine. Bwana wa marehemu anasema miye nilikuwa nauzisha dawa, napatia bantu chaki. Banataka nitoke kilimani na batoto yangu. Shamba yangu iko huku. Nitaenda wapi? Tafuta Papa Depo. Aandike mistari mbili tu, aseme hatukufundishwa. Yeye bakimusoma, bataamini."

Siku ya ine ndiyo Alhamisi, kwa hiyo Jumanne mchana nilikwenda nyumbani kwa Papa Depo. Anakaa sehemu ya juu ya mji, mahali ambapo ziwa lote linaonekana hadi milima ya Burundi. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Mama Memwari! Unasahau baba yako vile?"

Alinimiminia chai ya maziwa, akasogeza sahani ya karanga. Aliuliza habari za mama yangu, ambaye hajawahi kumwona, kwa jina. Ni mtu wa kupendeza. Hata sasa, nikiandika, sina namna ya kuliondoa neno hilo. Nilimweleza yote: kabati, mazishi, magunia, ufunguo, komite. Alisikiliza akimenya karanga, akiweka maganda katika mstari.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Ule Riziki aliniandikiaka barua," alisema. "Zamani. Barua ya kushukuru. Papa Depo, Mungu akubariki ju ya zile nyekundu, tunazichunga kwa bagonjwa ya hatari. Iko na mwandiko muzuri, ule mama."

"Ukamjibu nini?"

"Nimujibu nini?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimuambie, hapana mama, zile njo zenye ziko karibu kuoza, tunakutumia weye ju hauna wa kukusemea? Barua moja ya vile, mwanangu, depo yote inaanguka. Bafadhili banakimbia. Zaina na benzake saba banarudi kukaa nyumbani, kucheka na ukuta. Weye ungependa vile?"

Ningependa kuandika kwamba hoja yake ilinikasirisha, lakini ilikuwa na viungo, na nilijikuta navifuata kimoja kimoja, kama nilivyofanya miaka yote.

"Na tena dawa haikufaka siku tarehe inaisha," aliongeza. "Weye ulisoma."

"Mbona za kwako ulizifuata Bujumbura?"

Alicheka, cheko la moyo mweupe. "Ju miye niko na mudomo murefu!"

Nilitoa karatasi mkobani, nikaiweka kati ya vikombe. Nikamwambia mistari miwili ingetosha. Hakuigusa.

"Nani aliandika kama balifundishwa bote?" aliuliza taratibu. "Miye nilisema, ni kweli. Mutu anasemaka mengi. Lakini kuandika, ni weye. Tume ilisoma nani? Weye. Anza basi. Ukimaliza, miye nafuata."

Ningependa kusema kwamba nilishika kalamu papo hapo. Nilifikiri. Nilifikiri juu ya shahada, ambayo inaweza kufutwa. Juu ya kazi, ambayo ingekwisha kabla ya wiki kwisha. Juu ya neno la upole zaidi kuliko "sikuthibitisha". Nilitafuta sentensi ambayo ingemwokoa Riziki bila kuniangusha mimi, nikatunga tatu, na kila moja ilikuwa sahihi kisarufi na chafu. Utando wa maziwa ukaganda juu ya chai yangu. Yeye alimenya karanga. Hakunihimiza hata kidogo.

Mwishowe niliandika. Kwamba sentensi ile niliiandika bila kumuuliza muuguzi yeyote. Kwamba vituo vya kilimani havikuelezwa maana ya nyuzi. Kwamba nyekundu ilimaanisha dawa inayokaribia mwisho wa muda wake, na kwamba bohari ilizipeleka kilimani kwa kukusudia, nami nikijua. Kwamba Riziki alifanya kile ambacho mtu mwangalifu angefanya. Nikatia jina na sahihi, nikamsogezea.

Aliichukua, akaisoma yote mpaka mwisho bila miwani. Akaniomba kalamu, akatia koma mahali nilipoisahau. Kisha akaifunika kalamu na kunirudishia vyote viwili.

"Iko kamili," alisema. "Tukiweka saini mbili, komite itaanza kuuliza nani alifanya nini. Moja inatosha."

"Ulisema utafuata."

"Si nilifuata? Nilisoma neno kwa neno." Akasimama. "Kunywa chai yako, mwanangu. Inapoa."

Nikainywa. Sina maelezo ya kitendo hicho. Niliinywa mpaka chini, nikamshukuru, akanisindikiza hadi barabarani na kuniitia pikipiki.

Alhamisi komite ilikaa katika darasa la shule, wajumbe wakibanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti aliisoma karatasi kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu waliokuwa madirishani walipiga kelele. Mume wa marehemu alisimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania.

"Basi muke wangu alikula dawa ya kuoza?"

"Alipewa dawa iliyopita tarehe," nilisema. "Na mimi ni mmoja wa waliofanya isijulikane."

Alitema mate sakafuni, karibu na viatu vyangu, akatoka nje. Nilisikia nafuu, kama mtu aliyelipishwa kidogo kuliko alivyotarajia, na nafuu hiyo ndiyo ilinichukiza kuliko mate. Mwenyekiti alitoa ufunguo kwenye mfuko wa shati lake, akausukuma juu ya dawati mpaka mbele ya Riziki. Hakusema pole. Riziki aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili.

Nje aliniomba ile karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikisogea, kisha akaigeuza upande wa pili, kisha akairudisha upande wa kwanza.

"Na Papa Depo?" aliuliza. "Hakuweka jina yake?"

Nilikuwa na saa nne za mlima za kulitafuta jibu la swali hilo, na sikuwa nimelitafuta, kwa hiyo lilikuja lenyewe.

"Mzee macho hayaoni tena," nilisema. "Hawezi kuandika."

Riziki aliweka mkono kifuani.

"Woo, masikini Papa. Na vile alitupenda. Umusalimie sana, dada. Umuambie tunamuombea."

"Nitamwambia," nikasema.